Ndege Nyekundu ya Mzee Anyosisye

Hapo zamani, lakini msiniwekee zamani ya mbali sana, maana mabati yalikuwepo na simu za mkononi zilikuwepo, paliishi mzee mmoja huko milimani upande wa Tukuyu, ambako migomba huota hata usipoiomba na mvua haijui kuaga. Jina lake Anyosisye. Hadithi yake si ya kuchekesha. Nitawachekesha kidogo njiani ili msisinzie, lakini mwisho wake nimeubeba miaka mingi na bado unanikera. Nataka mnisaidie kuutua.

Mzee Anyosisye alikuwa fundi wa ndege. Wewe unayecheka huko nyuma, acha. Fundi kweli, wa zile ndege ndogo zinazonyunyizia dawa mashamba makubwa. Miaka thelathini alizifungua, akazifunga, akazipaka grisi, akazisukuma mpaka uwanjani, kisha akasimama pembeni kumtazama mtu mwingine akipanda na kuruka. Miaka thelathini! Yeye mwenyewe hakuwahi kuongoza ndege angani hata dakika moja. Siku ya kustaafu, rubani mmoja waliyezoeana akampa boksi. Ndani mlikuwa na ndege ya mfano, vipande vipande: mbao nyepesi ambazo ukizipuliza zinahama, injini ndogo inayoenea kiganjani, na rimoti ya kuiongozea.

"Hii utairusha wewe," rubani akamwambia.

Mzee akaliweka boksi juu ya kabati. Leo paa linavuja, kesho kuna msiba, keshokutwa kahawa inataka kuchumwa. Mnajua jinsi jambo la mtu mwenyewe linavyosubiri. Boksi likakaa juu ya kabati miaka kumi na mmoja, mpaka siku mzee alipokwenda kupimwa macho. Daktari akamwambia ni presha ya macho, imekwisha kula sana, na kuona kulikobaki hakuzidi miezi mitatu.

Akarudi nyumbani. Hakula. Akapanda juu ya kiti, akalishusha boksi, akawaita wanawe.

"Macho yangu yanafunga duka," akasema. "Kabla hayajafunga, nataka niirushe ndege hii kwa mkono wangu mwenyewe, niione ikiruka. Mara moja tu. Baada ya hapo yafunge."

Mara moja tu. Neno hilo lishikeni, maana hadithi yote imesimama juu yake.

Watu wa hadithi hii ni wachache, msihangaike. Wa kwanza ni Tusekile, binti wa mzee, fundi cherehani, mwenye mkono wa kulainisha kitambaa kikalala bila kunung'unika. Wa pili ni Gwakisa, kaka yake, fundi simu pale mjini, mdomo wake mrefu kuliko bisibisi zake. Wa tatu ni Atuganile, mke wa Gwakisa.

Na hapa niwaeleze jambo la kule. Kwa wazee walioishika mila, baba mkwe na mkwe wake wa kike hawakutani. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Si ugomvi. Ni heshima, tena kubwa. Mkwe akimwona mzee anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Siku hizi wengi wameiacha, lakini Mzee Anyosisye hakuiacha, na Atuganile alilelewa na bibi yake, naye hakuiacha. Miaka tisa waliishi ua mmoja, nyumba mbili. Mzee kabla ya kutoka mlangoni alikohoa, "Ehm!", na Atuganile akisikia aliivuta kanga yake akatoweka. Chakula cha mzee alikipika yeye, akakipeleka Tusekile. Mzee akimaliza kula alisema kwa sauti, akiongea na ukuta, "Leo maharage yameiva vizuri." Na upande wa pili wa ukuta Atuganile alitabasamu peke yake. Walipendana hivyo. Asitokee mtu hapa akasema hawakupendana.

Basi kazi ikaanza.

Wakavipanga vipande juu ya meza ya sebuleni. Tusekile akapiga msasa, akagundisha, akangoja. Alipotaka kuharakisha, mzee alimzuia. "Gundi si chai, mwanangu. Iache ikae." Ubavu baada ya ubavu, bawa likatokea. Bawa la pili likatokea. Mkia ukasimama. Mzee alikaa karibu, pua yake inakaribia kugusa mbao, kwa sababu mbali alikuwa haoni tena sawasawa. Kila kitu kilikuwa na ukungu pembeni.

Ikafika siku ya kuivika ngozi. Ni plastiki nyembamba, unaitandika juu ya mbao kisha unapitisha pasi ya moto wa chini, inajikaza yenyewe. Hiyo ilikuwa kazi ya Tusekile hasa. Mzee akamwambia, "Juu nyekundu, chini nyeupe. Ikiwa angani nataka nijue kama inanionyesha mgongo au tumbo. Kwa macho yangu haya, rangi ndiyo itakayonisaidia."

Tusekile akafungua boksi. Nyekundu ilikuwa nzima. Nyeupe ilikuwa imeliwa na panya. Angeweza kumwambia baba yake. Angeweza kungoja nyingine itafutwe. Lakini mzee alikuwa akihesabu siku, na kila asubuhi alifumba jicho moja, akafumba la pili, kujipima. Tusekile akamwonea huruma. Akapiga nyekundu juu, akapiga nyekundu chini. Ikapendeza mno, jamani, ungedhani ni pipi. Mzee akaipapasa mgongoni, akailetea uso, akasema, "Imependeza." Tusekile hakumwambia habari ya tumbo.

Ikafika zamu ya Gwakisa. Akafunga injini, akafunga betri, akafunga vimota vinavyosikiliza rimoti. Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kisa. Kila bawa lina kibawa kidogo ukingoni kwa nyuma. Ukitaka ndege ilalie kulia, kibawa cha kulia kinainuka na cha kushoto kinashuka. Ukitaka kushoto, kinyume chake. Na kwenye rimoti kuna swichi ndogo inayogeuza: ukiikosea, unaagiza kulia, ndege inakwenda kushoto.

Gwakisa aliilaza ndege mezani pua ikimtazama yeye, kama anavyoilaza simu ya mteja. Hivyo kulia kwake kulikuwa kushoto kwa ndege. Akasukuma kijiti cha rimoti kulia, akaona kibawa cha upande wake wa kulia kimeinuka, akaridhika.

"Nimemaliza," akasema. "Mimi nafungua simu kumi kwa siku, Baba. Hii ni mchezo."

"Simu haianguki kutoka juu," mzee akamjibu.

Kisha mzee akaichukua ndege, akaiweka juu ya ncha za vidole viwili, kidole kimoja chini ya kila bawa, akafumba macho. Ndege ikainama nyuma kidogo. Akaomba kipande cha madini ya risasi kuongeza uzito, akakibandika ndani ya pua. Akaipima tena. Ikatulia juu ya vidole vyake, haikwenda mbele wala nyuma.

"Vidole vyangu haviumwi presha," akasema, akacheka. Tusekile alisema baadaye kwamba hakuwa amemsikia baba yake akicheka tangu walipomzika mama.

Halafu mzee akatoa amri yake ya kiwandani. "Aliyefunga asikague. Anayekagua awe mtu ambaye hakugusa hata skrubu moja. Asimame mkiani, yeye na ndege watazame upande mmoja, ili kulia kwake kuwe kulia kwa ndege. Tulifanya hivyo miaka thelathini, na hakuna rubani wangu aliyeanguka."

Wakatazamana. Tusekile amegusa. Gwakisa amegusa. Mzee amegusa. Amebaki nani?

Mzee akaugeukia ukuta. "Mwambieni mkwe wangu," akasema kwa sauti, "kesho nitaomba macho yake."

Na upande wa pili wa ukuta Atuganile akasikia, akaacha kuosha vyombo, moyo wake ukajaa. Miaka tisa hakuwahi kuombwa kitu na baba mkwe zaidi ya chumvi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, asubuhi safi. Mlima Rungwe ulikuwa umejifunua wote, jambo ambalo kule si la kila siku. Wakaenda kwenye uwanja wa mpira wa shule, shule imefungwa. Wakaiweka ndege mwisho kabisa wa uwanja ili ipate mbio ndefu. Mzee akaletewa kiti cha plastiki. Akakiweka mwenyewe, nyuma ya mkia, hatua tatu tu, mahali ambapo macho yake yaliipata ndege vizuri, ingawa vibawa vidogo hakuvipambanua. Akakaa na rimoti mapajani. Nyuma ya kiti palikuwa na ukingo wa uwanja, na chini ya ukingo bonde.

Atuganile akaja kwa kuzunguka mbali, kanga kichwani. Akatazama. Mkiani pana kiti, na kwenye kiti pana baba mkwe. Nyuma ya kiti ni bonde. Pembeni ya kiti ni kusimama bega kwa bega na mzee. Akaenda mbele, hatua ishirini mbele ya pua ya ndege, akaishusha kanga mpaka akabaki anaona mabawa tu.

Tusekile akamfuata. Atuganile akamnong'oneza, "Wifi, mwambie baba asogeze kiti. Niliambiwa nisimame mkiani."

Tusekile akamtazama baba yake pale kitini, jinsi alivyokaa wima. Akasema, "Wifi, mwache mzee. Ameshapata mahali anapoiona. Akisogea ataipoteza. Wewe angalia huku huku, si kibawa kuinuka tu?"

Atuganile akabaki pale pale.

Mzee akasukuma kijiti. "Kulia!"

Kibawa kilichokuwa upande wa kulia wa Atuganile kikainuka. "Sawa," akasema kwa sauti ndogo.

"Sawa, Baba!" Tusekile akaipeleka.

"Kushoto!"

Kibawa cha kushoto kwake kikainuka. "Sawa."

"Sawa, Baba!"

Lakini alikuwa ametazamana na ndege, kama Gwakisa alivyotazamana nayo mezani. Kosa lilipita mbele yake likiwa limevaa nguo za usahihi, naye akaliacha lipite.

Gwakisa akazungusha panga la injini, lile la puani, kwa kidole. Injini ikakohoa, ikashika, ikalia kama nyigu aliyefungiwa koponi. Ndege ikakimbia juu ya majani. Ikanyanyua pua. Ikaruka!

Ninyi hamkuwepo, wala mimi sikuwepo, lakini aliyenisimulia alisema ilikuwa nzuri hata akasahau kupumua. Sekunde saba. Ilipanda nyekundu kabisa mbele ya mlima, na mzee akapiga kelele, "Tazameni! Ndiyo ile! Ni mimi ninayeirusha!"

Upepo ukalisukuma bawa. Ndege ikalalia kushoto kidogo, jambo dogo tu. Mzee akasukuma kijiti kulia, kuirudisha. Ikazidi kulalia kushoto. Akasukuma zaidi. Ikazidi.

"Kulia, Baba!" Gwakisa akapiga kelele. "Peleka kulia!"

"Ninapeleka kulia!"

Lakini mkono wake ukasita, kwa sababu alichokiona hakikufanana na alichoagiza. Akaitafuta rangi nyeupe imwambie kama anaona tumbo au mgongo. Hakuona nyeupe. Nyekundu, nyekundu tupu. Akajisemea, basi ninaiona vibaya. Ndege ikajipindua, ikashuka kwa kichwa karibu na goli la pili. Mlio wa mbao kuvunjika ni mdogo, lakini wote waliusikia.

Mzee akasema, tena kwa upole, "Ni macho. Yamenionyesha kulia ni kushoto. Nimeiangusha mwenyewe." Akampa Gwakisa rimoti, akaomba kurudishwa nyumbani.

Alipofika, akasema pazia lifungwe. Akakigeuza kiti chake kikatazama ukuta. "Macho haya yameniaibisha," akasema. "Sitayapa kitu kingine cha kutazama."

Alasiri hiyo Gwakisa aliviweka vipande mezani kwake. Mabawa yamevunjika lakini nyaya zingali nzima. Akawasha rimoti. Safari hii alikuwa nyuma ya mkia, kwa bahati tu. Akasukuma kulia. Kibawa cha kushoto kikainuka. Akasukuma tena. Kibawa cha kushoto kikainuka. Akamwita dada yake, akamwita mkewe, akawaonyesha.

Atuganile akashika mdomo. "Baba Lugano," akamwambia mumewe, "mwende mkamwambie sasa hivi. Macho yake hayakukosea."

"Ngoja," akasema Tusekile. "Ameshakubali kwamba ni macho. Macho hayana mtu wa kuyachukia. Akijua ni sisi, ataondoka duniani na kinyongo na watoto wake. Mnataka hivyo?"

"Ila..."

"Wifi, utamwambia wewe? Utaingia chumbani kwa baba mkwe?"

Atuganile akaivuta kanga yake. Na Gwakisa, yule mwenye mdomo mrefu, siku hiyo mdomo ukamfupika. "Tungoje kidogo," akasema. "Hasira imtoke kwanza." Lakini mzee hakuwa na hasira na mtu. Aliyekuwa na hofu ni Gwakisa, na alijua.

Kidogo ikawa wiki. Wiki ikawa tatu.

Kila asubuhi Tusekile alipeleka uji. "Baba, toka nje, mlima umefunguka leo."

"Macho haya? Yakatazame nini? Yamekwisha kuniangusha."

Siku nyingine akaja tena. "Baba, toka nje, kahawa imechanua, shamba lote jeupe."

"Macho haya? Yakatazame nini? Yamekwisha kuniangusha."

Siku nyingine akaja tena. "Baba, toka nje, mjukuu wako Lugano ameng'oka meno mawili ya mbele. Njoo umwone anavyocheka."

Hapo mzee akageuza kichwa kidogo. Akafikiri. "Nitamwona kesho," akasema.

Akatazama ukuta. Siku arobaini akatazama ukuta. Na upande wa pili wa ukuta ule ule Atuganile aliosha vyombo, akilia ndani ya maji ya sabuni, akimwambia mumewe kila siku, "Mwambie," na mumewe akijibu kila siku, "Kesho."

Siku ya arobaini na moja mzee akaamka akauliza, "Tusekile, kumekucha?" Na jua lilikuwa limejaa dirishani, hata pazia halikulizuia.

Hivyo ndivyo macho yalivyofunga. Wanangu, mimi ninapofika hapa huwa nataka kuirudisha hadithi nyuma, nikisogeze kile kiti hatua mbili. Haisogei.

Asubuhi hiyo hiyo Atuganile alikausha mikono, akavuka ua, akausukuma mlango wa baba mkwe. Mzee akasikia miguu ambayo si ya Tusekile. Akakohoa kama alivyozoea miaka tisa, kumpa mkwe nafasi ya kukimbia. "Ehm!"

Atuganile hakukimbia. Akapiga magoti.

"Baba," akasema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake. "Mimi ni Atuganile. Siku ile macho yako yaliona sawa. Ndege ililala kushoto, na wewe uliiona imelala kushoto. Ilikuwa imefungwa kinyume."

Akamweleza yote. Swichi, rangi, kiti, pua ya ndege, siku arobaini. Mzee akasikiliza mpaka mwisho bila kugeuza uso.

"Yaliona sawa," akasema.

"Yaliona sawa, Baba."

"Na kwa nini unaniambia leo, mkwe wangu?"

Atuganile akainamisha kichwa. "Kwa sababu leo huwezi kuniona. Nimeingia bila kuvunja heshima yako."

"Kwa hiyo ulingoja," mzee akasema.

"Nilingoja."

"Waite wenzio."

Wakaja, Gwakisa na Tusekile, wakasimama mbele yake. Mzee akasema, "Ndege si kitu. Mbao zipo. Lakini nilikuwa na siku arobaini za kuona, nikazitazamia ukuta. Nilikuwa nayaadhibu macho yasiyo na kosa. Mlima sikuuona. Kahawa sikuiona. Mtoto ana mapengo, nami nilisema kesho. Sitawaambia nimewasamehe wote. Kusema hivyo ni kama kutangaza 'karibuni wote': hakuna anayejiona amealikwa. Leo nina mkono mmoja wa kutoa. Yule aliyenipotezea siku zile, yeye hasa, aje aushike. Nitamsamehe yeye, na rimoti nitampa. Ataijenga ndege upya, vidole vyangu vitamsaidia. Ataiongoza, na nitakaa karibu naye aniambie inavyoruka. Atakuwa macho yangu. Hao wengine watangoja, na sijui watangoja mpaka lini."

Akaunyoosha mkono mbele, kiganja juu.

Mngetegemea kila mtu amsukumie mwenzake kosa. Siku zote arobaini ndivyo walivyofanya kimoyomoyo. Lakini sasa kosa lilikuwa limegeuka kuwa kitu cha kugombewa.

Gwakisa akatangulia. "Ni wangu, Baba. Niliifunga kinyume kwa majivuno yangu. Na nilijua ukweli tangu alasiri ile. Wewe uliyalaani macho yako, na dawa yake nilikuwa nayo mfukoni, neno moja tu. Niliogopa. Bila mimi ndege isingeanguka. Mkono ni wangu."

Tusekile akamsogeza. "Ni wangu, Baba. Uliniomba rangi nyeupe ikuambie ukweli angani, nikakunyima, wala sikukueleza. Wifi aliniomba usogeze kiti, nikakataa kukuambia. Gwakisa alitaka... angeweza kukuambia, nikamzuia. Kila ukweli uliokuwa unakuja kwako ulipita kwangu, nikauzima, nikijiita mwenye huruma. Na uji nilikuletea kila siku nikikutazama unautazama ukuta. Mkono ni wangu."

Atuganile hakusogea, alikuwa bado chini. "Ni wangu, Baba," akasema. "Hawa walikosea kwa kutojua au kwa kuogopa. Mimi nilijua mahali pa kusimama, sikusimama. Uliniomba macho yangu, nikakupa nusu. Nilijua ukweli, na mlango wako uko hatua kumi na tano kutoka jikoni kwangu, nimezihesabu. Niliilinda heshima yako mpaka macho yakakwisha. Mkono ni wangu."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Na kiti alikiweka nani?" akasema, kama anajiuliza mwenyewe. "Na kikohozi kile cha kila asubuhi kilikuwa cha nani?" Lakini mkono hakuurudisha. Mtu hawezi kujishika mkono mwenyewe akauita msamaha.

Nimewauliza wengi. Mafundi hunijibu haraka kwamba ni Gwakisa, swichi ni swichi. Mama mmoja wa Kiwira alinikatalia, akasema ni Tusekile, kisha akatoka nje hakurudi kusikiliza hadithi nyingine. Na wapo wanaosema Atuganile asihesabiwe kabisa, maana yeye peke yake ndiye aliyeuvuka ua. Ninapowauliza ni siku gani aliuvuka, wanainuka kutafuta viatu vyao.

Basi na ninyi semeni. Mzee ameketi, hawaoni. Mkono uko hewani, umeanza kuchoka. Wako watatu mbele yake, na atakayeushika ndiye atakayemwambia ndege imepanda, imegeuka, inarudi nyumbani.

Je, nani alistahili kuushika?